Hofu ya Kupimwa: Kutoka Pete ya Bi Bertha Hadi Ultrasaundi ya Leo



Kuna karatasi ndogo ambayo wanawake wengi hutembea nayo kwenye pochi kwa wiki kadhaa. Daktari ameandika jina la kipimo: ultrasaundi ya nyonga, eksirei, mamogramu, pengine CT. Karatasi inakunjwa, inasahauliwa kwa makusudi. Leo kuna nguo za wateja, kesho kuna msiba, wiki ijayo nauli haitoshi. Lakini ukikaa na mwenye karatasi hiyo mkazungumza vizuri, utagundua kinachomzuia si nauli. Anaogopa.

Mimi ni fundi cherehani na muuza vitambaa hapa Magomeni, Kilosa. Wateja wangu wengi ni maharusi na mama zao, na mwanamke anayesimama apimwe kifua na kiuno huwa anasema mengi. Nimesikia: "Wakiona uvimbe, posa itavunjika." Nimesikia: "Ile mashine inaunguza mtoto tumboni." Nimesikia: "Nitavuliwa nguo mbele ya mwanamume." Na la mwisho, linalosemwa kwa sauti ya chini: "Bora nisijue."

Sikusomea udaktari. Nilisoma sekondari, nikasomea ushonaji. Lakini nilitaka kujua hofu hii imetoka wapi, na historia yake nimeona inatufaa kuliko kuambiwa tu "usiogope". Wanawake wa zamani waliogopa kwa sababu za kweli. Na hofu yao ilipogeuzwa kuwa swali, vipimo vikawa salama zaidi kwetu sisi wa leo.

Mumiani wa bibi zetu

Tuanze nyumbani. Bibi zetu walikuwa na neno mumiani. Zamani lilikuwa jina la dawa. Wakati wa ukoloni likaja kumaanisha watu wanaokamata wenzao usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Habari hizo zilivuma Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi na bara ndani. Wazima moto walishukiwa, na watu wa hospitali pia. Mwanahistoria Luise White alizikusanya hadithi hizi za Afrika Mashariki na Kati katika kitabu alichokitoa mwaka 2000.

Ni rahisi kuwacheka wazee wetu. Lakini fikiria mambo yalivyokuwa. Serikali ya kikoloni ilileta watu wenye sindano na vichupa, wakachukua damu za wanakijiji kutafuta maradhi, na mara nyingi hakuna aliyeeleza damu inakwenda wapi wala inatafutwa nini. Hata hospitali zilikuwa za matabaka. Dar es Salaam Wajerumani walijenga hospitali nzuri ya Ocean Road, iliyokamilika mwaka 1897, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali iliyotokana na fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri Mwislamu wa Bagamoyo, ambaye jina lake bado liko kwenye jengo moja la Muhimbili. Mtu aliyepimwa bila kuelezwa, na mtu wa tabaka lililomdharau, alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Pale palipokosekana maelezo, uvumi ulijaza nafasi.

Pete iliyoonekana mfupani

Miaka ileile ambayo hospitali hizo zilikuwa zinasimama kwetu, kule Würzburg, Ujerumani, mwalimu wa chuo aliyeitwa Wilhelm Röntgen aligundua mionzi inayopenya nyama. Ilikuwa Novemba 1895. Tarehe 22 Desemba alimwita mkewe, Bi Anna Bertha, aweke mkono wake juu ya bamba la picha, akautuliza hapo kwa muda wa kama robo saa. Picha ilipotoka ilionyesha mifupa ya vidole, na kwenye kidole kimoja, pete yake ya ndoa kama doa jeusi.

Kwa hiyo, biharusi wangu, mojawapo ya picha za kwanza kabisa za ndani ya mwili wa binadamu ni mkono wa mke wa mtu, na pete yake. Inasimuliwa kwamba Bi Bertha alipoiona aliingiwa na hofu, akahisi ameona kifo chake mwenyewe. Basi hofu ya kuonwa ndani haikuanzia Kilosa wala Unguja. Ilikuwapo siku ya kwanza.

Na haikuwa hofu ya bure. Watu waliichezea mionzi ile bila kujua nguvu yake. Marekani, msaidizi wa Thomas Edison, Clarence Dally, aliijaribu kwa mikono yake mwenyewe miaka kadhaa. Mikono iliungua, ikaingia saratani, ikakatwa, na mwaka 1904 akafariki. Hata hivyo kuanzia miaka ya 1920 wenye maduka ya viatu Marekani na Ulaya waliweka mashine za mionzi dukani, mteja aingize mguu aone vidole vyake vinavyokaa ndani ya kiatu. Watoto walizipenda kama mchezo. Mimi ni mfanyabiashara, naelewa kivutio kinavyouza. Lakini pale hapakuwa na mgonjwa wala ugonjwa, palikuwa na kiatu tu. Mwaka 1957 jimbo la Pennsylvania lilipiga marufuku mashine hizo, na kwingineko zikaondoka polepole.

Swali la kwanza linalozaliwa hapa ni jepesi: kipimo hiki ni cha nini hasa? Mionzi ileile inayookoa aliyevunjika nyonga haina kazi kwa anayenunua viatu.

Daktari aliyewauliza akina mama

Sasa tufike kwenye mimba, maana ndipo hofu yetu kubwa ilipo. Kabla ya ultrasaundi, daktari aliyetaka kujua mtoto amelalaje, au nyonga ya mama inatosha, aliweza kumpiga mama eksirei ya tumbo. Ulaya na Marekani jambo hili lilikuwa la kawaida hadi miaka ya 1950.

Oxford, Uingereza, kulikuwa na daktari mwanamke, Alice Stewart. Yeye mwenyewe alikuwa mama. Aliona saratani ya damu inaongezeka kwa watoto wadogo, na wenzake hawakuwa na jibu. Akapata ruzuku ndogo ya pauni 1,000 na akafanya jambo ambalo wakubwa waliona halina uzito: aliandaa maswali ya kuwauliza akina mama. Aliamini kwamba mama anakumbuka mambo ya mimba yake ambayo hakuna daktari aliyeyaandika. Wauguzi na madaktari wa wilaya za Uingereza wakapeleka maswali hayo kwa mama waliofiwa na watoto kwa saratani, na kwa mama ambao watoto wao walikuwa hai, ili majibu yalinganishwe.

Jibu likajitokeza. Mama wa watoto waliofariki walitaja kupigwa eksirei wakati wa mimba karibu mara mbili zaidi kuliko wale wengine. Alitangaza matokeo ya mwanzo mwaka 1956, na ripoti kamili ikatoka Juni 1958. Madaktari wengi walikataa. Walisema mama aliyefiwa hutafuta cha kulaumu, kwa hiyo kumbukumbu zake haziaminiki. Lakini mwaka 1962 mtafiti wa Harvard, Brian MacMahon, alitumia kumbukumbu za hospitali zenyewe, bila kumuuliza mama yeyote, naye akaona kwamba waliopigwa mionzi tumboni walikuwa na hatari kubwa zaidi. Taratibu eksirei za mimba zikapunguzwa, zikabaki kwa dharura tu.

Tuwe waadilifu: watoto wengi mno waliopigwa mionzi ile hawakuugua, maana saratani ya utotoni ni nadra. Lakini hatari ilikuwepo, na waliosaidia kuifichua ni akina mama waliokubali kuulizwa siku ambayo jeraha lao lilikuwa bado bichi. Kila mara unapoulizwa kwenye chumba cha eksirei, "Una mimba? Hedhi yako ya mwisho lini?", unapata faida ya majibu yao. Usilione swali hilo kama uchunguzi wa siri zako.

Mafuta ya zeituni na vipande vya uvimbe

Mwezi uleule wa Juni 1958, majuma matatu tu kabla ya ripoti ya Alice Stewart, gazeti la kitabibu la Lancet lilichapisha kazi ya daktari wa wanawake kutoka Glasgow, Ian Donald, pamoja na mwenzake John MacVicar na fundi mitambo kijana, Tom Brown. Kipimo chao hakikutumia mionzi. Kilitumia sauti.

Wakati huo viwandani walikuwa na chombo cha kutafuta nyufa ndani ya chuma bila kukivunja. Chombo kinatuma sauti ya juu sana ambayo sikio halisikii. Sauti ikigonga ufa inarudi kama mwangwi. Mwaka 1955 Donald alipakia kwenye magari mawili uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa hospitalini, faibroidi na vifuko vya maji vya ovari, akaupeleka kwenye kiwanda cha matangi ya mvuke cha Babcock & Wilcox pale Renfrew. Wafanyakazi walileta pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Chombo kikatofautisha uvimbe mgumu na ule wenye maji.

Ona hapo, dada yangu. Tunadhani ultrasaundi ni ya kuangalia mtoto tu, na msichana akiambiwa akapimwe anaona aibu watu watasema ana mimba. Kumbe safari ya kipimo hiki kwa Donald ilianza na faibroidi na vifuko vya ovari, yaani mambo yaleyale ambayo maharusi wetu wenye maumivu makali ya hedhi wanatumwa kuyachunguza.

Kati ya wagonjwa wa mwanzo alikuwamo mwanamke mwenye tumbo lililojaa, ambaye wakubwa walikwisha kumwandikia saratani ya tumbo isiyo na tiba. Alikuwa akisubiri kufa. Donald alipompima kwa sauti, mwangwi ulionyesha kifuko kikubwa cha maji cha ovari. Alifanyiwa upasuaji, kikatolewa, akapona. Huyu ndiye namkumbuka kila ninaposikia "bora nisijue". Ugonjwa aliodhaniwa kuwa nao ulikuwa mbaya kuliko aliokuwa nao kweli. Asingepimwa, angekufa na jibu la kukisia.

Siku zile ngozi ilipakwa mafuta ya zeituni ili sauti ipite vizuri, mahali ambapo leo wanapaka jeli ya baridi. Donald ndiye aliyeona pia kwamba kibofu cha mkojo kikijaa, kizazi kinaonekana vizuri zaidi. Ndiyo maana hadi leo unaambiwa unywe maji mengi na usiende chooni.

Tangu wakati huo zaidi ya miaka 60 imepita, na mamilioni ya wajawazito wamepimwa. Ultrasaundi inayofanywa na mtu aliyefunzwa, kwa sababu ya kitabibu, haijathibitika kumdhuru mtoto. Madaktari bado wanashauri isifanywe kwa mchezo wala kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na hilo ni somo la maduka ya viatu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apate angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, ili umri wa mimba ujulikane kwa uhakika, na pacha au kasoro zionekane mapema.

Na ile Ocean Road ya Wazungu? Tangu 1996 ni taasisi ya taifa ya saratani. Mwanamke wa Kilosa, wa Pemba au wa Kigoma anaingia kwa mlango uleule ambao bibi yake asingeruhusiwa kuupita kama mgonjwa.

Tuta la Mkondoa na futi ya fundi

Sisi wa Kilosa tuna somo letu wenyewe. Mto Mkondoa una tuta linalouzuia usiingie mjini. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulivunja kingo, maji yakaingia kwenye makazi, maelfu ya watu wakapoteza nyumba na wakaishi kwenye mahema. Kila mtu hapa anajua kwamba tuta halibomolewi na mtu anayelikagua. Ufa upo au haupo kabla hajafika. Anachobadilisha mkaguzi ni muda: kama utajua kiangazi, ukaziba, au utajua usiku wa mvua.

Kazi yangu imenifunza hivyo hivyo. Katika lugha yetu neno ni moja: kipimo cha fundi na kipimo cha daktari. Futi yangu haimnenepeshi mtu wala haimkondeshi. Biharusi anaweza kuikimbia kwa sababu anaogopa namba ya kiuno, na bado gauni likaja kumbana siku ya harusi mbele ya watu. Nikijua vipimo mapema, nina nafasi ya kupanua, kuongeza kipande, hata kubadili mshono. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wakasema pia mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuhusu posa nitasema wazi. Faibroidi ni jambo la kawaida sana kwa wanawake, na wengi wenye nazo huzaa. Mchumba anayekimbia kwa sababu ya kikaratasi cha ultrasaundi amekuonyesha mapema kitu ambacho wewe ungekiona baada ya ndoa. Na majibu ni yako. Unayo haki ya kuyasikia faraghani, ukaamua nani aelezwe na lini.

Ghaibu na stara

Wako dada wanaouliza: je, kutazama kilichomo tumboni si kuingilia elimu ya Mungu? Sura ya Luqman inatukumbusha kwamba yaliyomo matumboni Yeye ndiye ayajuaye. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameeleza kwamba elimu Yake ni ya kila kitu: riziki ya mtoto, umri wake, wema au uovu wake, tangu kabla hajaumbwa. Mashine inaona umbo lililokwisha kuwepo, kama jicho linavyoona kwa msaada wa miwani. Na hata hilo mara nyingine hukosea.

Stara nayo si swali la leo. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, tabibu Mwislamu wa Andalusia, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliandika jinsi ya kumtibu mwanamke mwenye jiwe kwenye kibofu. Alijua kwamba mwanamke mwenye haya hatakubali kujifunua kwa mwanamume. Hakumlaumu, wala hakusema basi aachwe na maumivu yake. Aliagiza atafutwe mkunga au mwanamke hodari, naye tabibu amwelekeze hatua kwa hatua. Haya ya mgonjwa ililindwa, na tiba ikafanyika.

Kwa hiyo omba mhudumu wa kike. Omba uingie na dada, mama au mume. Kama hujaolewa, sema mapema kabla ya kulala kitandani, kwa sababu ipo ultrasaundi ya kupitia ukeni na ipo ya juu ya tumbo, na ya tumbo inatosha mara nyingi. Ushauri wangu wa kifundi: usiende na dera wala gauni la kipande kimoja, maana itabidi lipandishwe lote. Vaa blauzi na sketi, beba kanga ya kujifunika miguu. Ni tumbo tu litakaloonekana. Ila ukiwa na damu inayotoka na una mimba, au maumivu makali ya ghafla, usisubiri zamu ya daktari wa kike. Dharura ina hukumu yake.

Maswali manne ya kwenda nayo

Akina mama wa Oxford waliulizwa, wakajibu. Sasa zamu ya kuuliza ni yetu. Yaandike nyuma ya ile karatasi:

1. Kipimo hiki kinatafuta nini, na majibu yatabadilisha nini kwenye matibabu yangu?

2. Kinatumia mionzi au la? Eksirei, CT na mamogramu zinatumia mionzi. Mamogramu kiasi kidogo, CT zaidi ya eksirei ya kawaida. Ultrasaundi ni sauti, MRI ni sumaku. Kama hedhi imechelewa, sema hapo hapo.

3. Kitafanyika vipi, nani atakifanya, na nijiandaeje?

4. Majibu nitaelezwa na nani, lini, na gharama yote ni kiasi gani?

Mhudumu mzuri hatakasirika. Ukijibiwa ukaona sababu ni nzito, weka tarehe, mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize, kisha nenda. Ukiona hujaridhika, tafuta daktari wa pili, lakini usiiache karatasi ikazeekea kwenye pochi.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awape maharusi wetu afya na vizazi vyema, na awarehemu mama wote waliokubali kuulizwa ili sisi tupimwe kwa usalama. Amin.